22 Julai 1920: kwa nini tarehe hii bado inaishi kwenye sheria zetu, na kesi za India zinaingiaje?

MsomaVifungu aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba wanaoijua historia ya sheria wanifungue macho.

Kifungu cha 2(3) cha JALA (sheria ya Tanzania ya mahakama na matumizi ya sheria, Sura ya 358) kinaielekeza Mahakama Kuu ifuate kwanza sheria zilizotungwa nchini. Pale zisipofika, itumie sheria ya kawaida ya Uingereza (mahakamani wengi wanasema tu komoni loo), kanuni za ekwiti (haki kwa dhamiri), na sheria za Bunge la Uingereza zenye matumizi ya jumla zilizokuwa hai kule tarehe 22 Julai 1920. Kwa nini siku hiyo hasa? Na kwa nini Kenya wana tarehe nyingine?

Halafu kuna India. Kwenye mikataba na kwenye mwenendo wa mashauri ya madai, majaji wetu wanataja vitabu vya ufafanuzi vya India kana kwamba ni vya kwetu. Kwenye mauaji na wizi hawavitaji. Nani aliigawa hivyo?

La mwisho: majirani zetu wa Burundi na Kongo wakitoa hukumu, karatasi haifanani kabisa na ya kwetu, na kesi za zamani wanazitaja kwa uchache sana. Tumeachana wapi? Nahitaji jibu litakalonisaidia kuamua kesi ipi ya nje niitaje na ipi niiache, kwa hiyo msinihurumie kwa maelezo mafupi.

Kabati_la_Sheria alijibu:

Ndugu, tarehe yenyewe ni nyepesi. Kilicho nyuma yake ndicho kirefu.

22 Julai 1920 ndiyo siku ya Amri ya Mfalme katika Baraza kuhusu Tanganyika. Wajerumani walikuwa wameshindwa vita, nchi ilikuwa bado eneo lililotekwa vitani, na Waingereza walihitaji hati ya kuunda serikali rasmi pamoja na Mahakama Kuu. Mahakama mpya lazima iambiwe itumie sheria gani, na njia yao ya kawaida ilikuwa kuchukua sheria ya kwao kama ilivyokuwa siku ya amri. Kenya amri ya namna hiyo ilitolewa mapema, ndiyo maana Sheria yao ya Mahakama ya 1967 inataja 12 Agosti 1897. Uganda ni 11 Agosti 1902. Tarehe hizi hazina siri nyingine, ni siku tu ambazo hati za London zilitolewa au zilianza kutumika.

Sasa fungua mzigo uone kilichomo. Ni vitu vitatu, na vilizaliwa nyakati tofauti.

Cha kwanza, sheria ya kawaida. Kabla ya Henry wa Pili, aliyetawala 1154 hadi 1189, kila wilaya ya Uingereza ilihukumu kwa desturi zake, na kila bwana mwenye ardhi alikuwa na baraza lake. Mwaka 1166 Henry alitoa Amri ya Clarendon na kutuma majaji wake wazunguke nchi nzima. Majaji wale walirudi Westminster wakiwa wamesikia desturi za kila upande, wakaanza kuamua mambo yanayofanana kwa namna moja. Hiyo ndiyo sheria "ya wote", kwa maana ya kuwa ya ufalme mzima. Kwa hiyo usiichanganye hata siku moja na sheria za mila. Tafsiri ya "sheria ya kawaida" inawapoteza wanafunzi wengi kwa sababu sikio la Mswahili linasikia "mazoea", na mazoea ya kila eneo ndiyo hasa yaliyofutwa na majaji wale.

Mlango wa kuingilia mahakama ya mfalme ulikuwa hati, amri ya maandishi ya kuanzisha shauri. Uliinunua ofisini kwa Chansela, mkuu wa ofisi ya hati za mfalme, na kila aina ya dai ilikuwa na hati yake yenye maneno yake. Hati mashuhuri ya kurudisha ardhi iliwauliza watu kumi na wawili wa eneo hilo swali moja: je, mdaiwa alimtoa mdai kwenye ardhi yake isivyo haki na bila hukumu? Ndiyo au hapana. Hakuna aliyeulizwa mmiliki halisi ni nani. Swali hilo fupi liliwavutia watu waache mabaraza ya mabwana na kwenda kwa mfalme, maana lilikwenda haraka. Ukichukua hati isiyo yako, umeshindwa hata kama haki ni yako. Mabwana walikasirika, na 1258 wakambana mfalme: hati za aina mpya zisitolewe bila idhini. Sheria ya 1285 ililegeza kidogo, ikaruhusu hati mpya kwa mambo yanayofanana na yaliyokwisha kuwapo. Mtindo wa kujenga hoja kwa kufananisha kesi na kesi ulipata nguvu kutoka hapo.

Cha pili, ekwiti. Milango ilipokuwa michache, waliokwama walimwendea Chansela kuomba haki kwa dhamiri. Akatoa vitu ambavyo mahakama za kawaida hazikuwa navyo: kumlazimisha mtu atimize ahadi yenyewe badala ya kulipa fidia, kumzuia asitende, na kutambua amana, yaani mali anayoishika mtu kwa faida ya mwingine. Mahakama mbili zikagongana hadi 1616, Mfalme James wa Kwanza alipoamua kwamba zikipingana, ekwiti ishinde. Sheria za 1873 na 1875 ziliziunganisha mahakama, lakini kanuni zikabaki mbili. Ndiyo maana JALA inazitaja mbalimbali.

Hii si historia ya makumbusho. Zuio la muda unaloliomba leo kwa Amri ya XXXVII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ni mtoto wa Chansela. Masharti yake matatu, kwamba kuna jambo zito la kuamuliwa, kwamba mwombaji ataumia kwa namna isiyofidika, na kwamba adha ya kunyimwa kwake ni kubwa kuliko ya mwenzake, yamewekwa kwetu na kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969.

Cha tatu, sheria za Bunge lao. Hapa ndipo tarehe inapouma. Sheria ya Uingereza ya 1943 kuhusu mikataba iliyokwama haikuvuka kuja kwetu. Ya 1957 kuhusu wajibu wa mwenye jengo kwa wageni wake haikuvuka. Ya 1977 kuhusu masharti kandamizi ya mikataba haikuvuka. Kosa la kila siku ni kutaja kesi ya London ya mwaka 1985, kumbe uamuzi wote umesimama juu ya sheria ya 1977. Ukiitoa nguzo hiyo, kesi haina kitu kwako. Kabla ya kutaja kesi yoyote ya Uingereza ya baada ya 1920, jiulize: jaji alisimama juu ya kanuni za kimahakama au juu ya sheria ya Bunge? Ikiwa ni kanuni, inashawishi, haifungi. Ikiwa ni sheria ya Bunge, achana nayo, isipokuwa kama sisi tuna kifungu chenye maneno yale yale.

Tena usisahau sharti lililoambatana na kifungu: vyote hivyo vinatumika kadiri mazingira ya Tanzania na watu wake yanavyoruhusu. Mawakili wengi hulisahau, na mara nyingi ndilo lenye hoja nzuri kuliko zote.

Dau_la_Bombay alijibu:

Kabati ameeleza meli ya Uingereza. Mzigo mkubwa zaidi ulikuja na meli ya Bombay.

Waingereza walifika pwani yetu kama wafanyabiashara na makonseli (wawakilishi wa serikali yao) kabla ya kuwa watawala. Mkataba wao wa 1839 na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, uliwapa mamlaka ya kusikiliza kesi za raia wao Zanzibar (Wamarekani walikuwa wameshapata wa kwao 1833). Na raia wao wengi Unguja walikuwa nani? Wahindi, watu wa ushuru, mikopo na karafuu. Ikaonekana sahihi kuwahukumu kwa sheria ya India, na rufaa kutoka mahakama ya konseli ikawa inakwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Waingereza walipochukua bara upande wa Kenya na Uganda mwishoni mwa karne ya 19 walikuta utaratibu upo, vitabu vipo, na makarani wanaovijua wapo. Wakauhamisha ulivyo. Tanganyika ilizipokea sheria za India 1920 kwa odinansi (sheria ya enzi ya ukoloni) maalumu.

Sababu nyingine ni ya ufundi. Komoni loo haikuwa imeandikwa mahali pamoja. Ilitawanyika kwenye maelfu ya hukumu. Afisa wa wilaya aliyepangiwa Kigoma asingebeba maktaba ya London. India tayari walikuwa wameifupisha kwenye vitabu vyenye vifungu: Kanuni ya Adhabu ya 1860, ambayo rasimu yake ilisimamiwa na Macaulay miaka ya 1830, Sheria ya Ushahidi ya 1872 iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, Sheria ya Mikataba ya 1872, na mwenendo wa madai uliopangwa upya 1908. Vitabu vinne mkobani, mahakama imekamilika.

Sasa kwa nini kesi za India zinafaa kwenye madai lakini si kwenye jinai? Kwa sababu sheria hizi zilibadilishwa moja moja, kila moja kwa mkono wake. (Natumia namba za Toleo la Marekebisho la 2019, kwa toleo la baadaye hakikisha namba hazijasogea.)

Mikataba: odinansi ya 1961, leo Sura ya 345, ni ile ya India ya 1872 ikiwa imevaa nguo za hapa. Kifungu cha 10 kwetu ni kifungu cha 10 kwao. Cha 74 ni cha 74.

Mwenendo wa madai: sheria ya 1966, leo Sura ya 33. Maneno ni yale yale, namba zimehama. Kifungu cha 11 cha India kinachozuia kufungua upya shauri lililokwisha kuamuliwa, kwetu ni cha 9. Mamlaka ya asili ya mahakama, kwao 151, kwetu 95. Amri yao ya XXXIX kuhusu zuio, kwetu ni XXXVII.

Ushahidi: sheria ya 1967, Sura ya 6. Mwili ni wa Stephen, lakini hapa tembea kwa tahadhari. India kifungu cha 25 kilisema wazi kwamba ungamo kwa polisi halithibitishwi dhidi ya mshtakiwa. Sisi tulianza upande huo huo, kisha Bunge likageuza, na leo kifungu cha 27 kinaruhusu ungamo lililotolewa kwa hiari mbele ya afisa wa polisi. Ukileta hukumu ya Delhi inayotupilia mbali ungamo la polisi, umeleta jibu la swali ambalo sheria yetu haiulizi tena.

Adhabu: hapa ukoo ulikatika kabisa. Kanuni ya Macaulay ilitumika hadi 1930, kisha Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa kanuni mpya. Walowezi wa Kizungu Kenya walikuwa wamelalamika kuhukumiwa kwa sheria ya India, na Ofisi ya Makoloni London nayo ilikuwa na kielelezo inachokipenda. Kielelezo hicho kilitoka Queensland, Australia. Samuel Griffith aliandika kanuni iliyoanza kutumika 1 Januari 1901, naye alikuwa ameisoma kwa makini kanuni ya Italia ya 1889. Ikapita Nigeria, ikatufikia. Kwa hiyo ukitafuta maana ya dhamira ovu kwenye mauaji, vifungu vya 196 na 200 vya Sura ya 16, kifungu cha 300 cha India hakitakusaidia. Nenda kwenye hukumu za Afrika Mashariki, halafu Queensland na kusini mwa Nigeria, halafu Uingereza.

Mvuke_wa_Nairobi alijibu:

Marekebisho kidogo kutoka upande wa pili wa Namanga, kwa maana watu hudhani sisi na Tanzania tuna sheria moja ya mikataba. Hatuna.

Kenya iliachana na Sheria ya Mikataba ya India tarehe 1 Januari 1961. Tanganyika waliandika upya kifungu kwa kifungu; Kenya wakasema tu kwamba mikataba itatawaliwa na komoni loo ya Uingereza pamoja na ekwiti. Mwaka ni ule ule, uamuzi ni kinyume. Matokeo yake yanagusa pesa.

Chukua mkataba wa kujenga ghala wenye sharti kwamba mjenzi akichelewa atalipa milioni kumi. Tanzania, kwa kifungu cha 74, mahakama haihangaiki kuuliza kama hiyo ni adhabu au ni makadirio ya kweli ya hasara. Inatoa fidia ya haki, na milioni kumi ni dari tu. Kenya, swali la kwanza ni lile la kesi ya Dunlop ya 1915: je, kiasi hiki kilikuwa makadirio ya kweli ya hasara au kitisho? Kama ni makadirio, unakipata chote. Kama ni kitisho, sharti linaanguka na unabaki kuthibitisha hasara halisi risiti kwa risiti. Uingereza wenyewe walilegeza kipimo hicho mwaka 2015, na uamuzi huo kwetu ni wa kushawishi tu.

Tofauti ya pili ni malipo ya ahadi, kile ambacho kila upande unatoa ili mkataba ufunge. Kwa sheria ya Uingereza, tangu kesi ya Tweddle ya 1861, lazima kitoke kwa yule anayedai. Kifungu cha 2(1)(d) cha Tanzania, kama cha India, kinakubali kitoke kwa aliyeahidiwa "au mtu mwingine yeyote". Mama akimpa binti yake shamba kwa sharti kwamba binti amlipe mjomba posho ya kila mwaka, na binti akamwahidi mjomba kwa maandishi, mjomba anaweza kudai Dodoma japo hakutoa chochote. Mahakama ya Madras iliamua jambo la namna hiyo mwaka 1882. Nairobi atakuwa na kazi ngumu zaidi.

Na kwenye zuio, sisi tunafuata Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kesi ya awali yenye uwezekano wa kushinda, madhara yasiyofidika, na mahakama ikibaki na shaka ndipo inapima adha. Kuna wanaorukia uamuzi wa Uingereza wa American Cyanamid wa 1975 wenye kizingiti cha chini zaidi, kisha wanashangaa ombi likitupwa.

Lakini tusijidai kwamba India ilitutoka yote. Sheria ya India ya 1882 ya uhamishaji wa mali ilitawala rehani na ukodishaji wa ardhi nyingi Kenya hadi sheria mpya za ardhi za 2012.

Mrima_na_Visiwa alijibu:

Assalaam alaykum. Mimi naomba mzigo wa tatu usisahaulike, maana uliwatangulia wote wawili.

Hebu tazameni maneno tunayotumia hapa: sheria, hakimu, wakili, kadhi, hukumu, rufaa, dai, shahidi. Yote yametoka Kiarabu, na yalikuwa vinywani mwa watu wa pwani kabla konseli hajashuka bandarini. "Kawaida" yenyewe inatokana na neno la Kiarabu la kanuni, kwa hiyo tafsiri ya sheria ya kawaida si mbovu kama Kabati anavyodhani. Imepotea maana njiani tu.

Zanzibar wakati wa masultani palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii. Pembeni yao mahakama za makonseli zikawachukua raia wa mataifa yao. Mji mmoja, mahakama kadhaa, na swali la kwanza kwenye kila kesi lilikuwa: wewe ni raia wa nani? Mahakama ya kadhi ya leo ndiyo iliyobaki ya mpango ule, ikiwa imebanwa kwenye ndoa, talaka, mirathi na mambo ya karibu na hayo. Kenya ilibeba yake kupitia makubaliano ya ukanda wa maili kumi wa pwani, na leo ipo kwenye ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Tanzania Bara ziliondolewa na mageuzi ya mahakama ya 1963. Sheria ya Kiislamu ikabaki, lakini ikatumiwa na mahakimu wa kawaida.

Angalizo kwa mawakili wa Bara: JALA usiibebe kwenye boti. Zanzibar ina mahakama yake kuu na sheria zake za madai na jinai, hata mikataba ina dikrii yake, nayo pia ni binti wa ile ya India ya 1872. Na shauri lililoanzia kwa kadhi halifiki Mahakama ya Rufani ya Tanzania, linaishia Zanzibar.

Tanganyika_Mashariki_Magharibi alijibu:

Nami nijibu la Burundi na Kongo, nikiwa upande huo, kwa sababu njia panda ina mwaka unaojulikana: 1215.

Mwaka huo mtaguso wa Kanisa huko Lateran uliwakataza mapadri kubariki majaribio ya moto na maji, yale ya kushika chuma cha moto ili Mungu aonyeshe mwenye hatia. Bila padri, jaribio halina nguvu. Ulaya nzima ikabaki bila njia ya kuthibitisha hatia. Waingereza walikuwa tayari na watu kumi na wawili wa kijiji wanaoapa, wakawapa na kazi ya jinai. Bara la Ulaya likachukua njia ya wanazuoni: jaji anayechunguza mwenyewe, mashahidi wanaohojiwa kwa maandishi, jalada linalojengwa hatua kwa hatua. Ndiyo maana karatasi hazifanani. Kwenu kesi inaishi mdomoni mwa mashahidi siku ya kusikilizwa. Kwetu inaishi kwenye jalada.

Na wanazuoni hao walikuwa na kitabu. Mfalme Justinian wa Constantinople aliunda tume chini ya Tribonian, na mwezi Desemba 533 ikatoka Digesta, vitabu 50 vya maoni ya wanasheria wa Kirumi yaliyochujwa. Magharibi kitabu kile kilisahaulika karne nyingi, hadi Irnerius na wenzake walipoanza kukifundisha Bologna mwishoni mwa karne ya 11. Wanafunzi walitoka kila pembe, wakarudi makwao kuwa makarani wa wafalme na maaskofu. Sheria ikawa kitu cha kusomwa chuoni, na neno la profesa likawa na uzito. Kwenu jaji ndiye mkubwa. Kwetu ni kifungu, kisha mwanazuoni anayekifafanua.

Ufaransa ikafunga yote kwenye Kanuni ya Madai ya 21 Machi 1804, vifungu 2,281, rasimu ya watu wanne tu: Portalis, Tronchet, Bigot de Préameneu na Maleville. Kifungu cha 5 kinamkataza jaji kutoa kanuni ya jumla kwa njia ya hukumu. Waliogopa majaji, maana mahakama kuu za zamani zilikuwa zimewazuia wafalme kila mageuzi yalipojaribiwa. Hapo MsomaVifungu upate jibu lako: kesi za zamani hazikosi uzito kwetu, ila jaji haruhusiwi kusimama juu ya kesi peke yake. Lazima akanyage kifungu.

Ubelgiji ilibaki na kanuni ile hata baada ya uhuru wake wa 1830. Ikaingia Kongo kwa Dikrii ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, na baada ya Ruanda-Urundi kuunganishwa kiutawala na Kongo kwa sheria ya 1925, sheria za Kongo zikaanza kutandazwa hadi Kigali na Bujumbura. Linganisha mwenyewe: kifungu cha 1382 cha 1804 kinasema tendo lolote la mtu linalomdhuru mwingine linamlazimu aliyekosea kulipa. Kifungu cha 258 cha dikrii ya 1888 ni sentensi hiyo hiyo. Wakati nyinyi mnatafuta kama uzembe una wajibu wa uangalifu, ukiukaji na madhara, sisi tunauliza kosa, madhara, na uhusiano kati yake.

Mfano wa ghala wa ndugu wa Nairobi: kanuni ya 1804, kifungu cha 1152, ilimkataza jaji kuongeza wala kupunguza kiasi kilichoandikwa. Milioni kumi ni milioni kumi. Ufaransa ilimruhusu jaji kupunguza mwaka 1975 tu. Kwa hiyo anayetaja kitabu kipya cha Paris mbele ya mahakama ya Bukavu anaweza kukosea kwa namna ile ile mnayokosea na London. Hata ile 1382, Ufaransa tangu 2016 inaitwa 1240.

Rwanda walichukua njia yao. Waliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, Jumuiya ya Madola 2009, na mwaka 2019 wakafuta kwa pamoja sheria zote zilizotangulia uhuru. Ukikuta hukumu ya Kigali ya miaka ya nyuma yenye kifungu cha 258, jua msingi wake umekwisha kuondolewa.

MsomaVifungu aliandika:

Nimeelewa kuliko nilivyotarajia, ahsanteni sana. Nikiwa na kifungu kimoja mkononi, nianzie wapi kwa vitendo?

Dau_la_Bombay alijibu:

Anza na mwaka wa sheria ya kwanza, usianze na Sura. Namba ya Sura na mwaka wa toleo la marekebisho haviambii umri wa kifungu. Tafuta mwaka na namba ya odinansi au sheria iliyokizaa. Kikiwa ni cha mikataba, ushahidi au mwenendo wa madai, mshukiwa wa kwanza ni India. Kikiwa cha adhabu, Queensland. Kikiwa cha kampuni, tazama Uingereza.

Pata maandishi ya mzazi kama yalivyokuwa siku yalipokopwa, siyo ya leo. Yaweke kando ya ya kwetu, soma neno kwa neno, na pigia mstari kila tofauti, hata "itakuwa" dhidi ya "inaweza kuwa". Pale palipobadilishwa kwa makusudi, kesi za mzazi zimekufa kwako. Vifungu vya mikataba vya India vina mifano chini yake, herufi (a), (b), (c), mtindo wa Macaulay. Isome, maana inaonyesha mwandishi alifikiria hali gani.

Kisha fuatilia marekebisho ya pande zote mbili baada ya kutengana. Hapa ndipo wengi huanguka, maana wanafuatilia ya kwetu tu.

Ndipo utafute hukumu, kwa mpangilio: Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuanzia 1979, ile ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, Mahakama Kuu, na baada ya hapo ndipo nje. Hukumu ya nje ukiitaja, sema wazi kwenye hoja zako kwamba kifungu chao na chetu vinafanana, na uambatishe maandishi yote mawili. Jaji asikisie.

Kabati_la_Sheria alijibu:

Niongeze mawili. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Unapolinganisha na mzazi, rudi kwenye maandishi ya Kiingereza yaliyokopwa, kwa sababu neno moja la Kiswahili linaweza kubeba mawili ya kwao. "Batili" ndilo linalosumbua zaidi: mkataba usiokuwapo kabisa tangu mwanzo, na mkataba ulio hai hadi upande uliodhulumiwa uukatae, yote mawili watu huyaita batili. Kwenye mikataba ya watoto tofauti hiyo ndiyo kesi nzima. Kwa India, tangu uamuzi wa 1903 wa Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, mkataba wa mtoto haupo kabisa, na Sura ya 345 inafuata njia hiyo.

La pili, India yenyewe imehama. Tarehe 1 Julai 2024 walianza kutumia sheria mpya tatu badala ya Kanuni ya Adhabu ya 1860, ya mwenendo wa jinai, na ya Ushahidi ya 1872. Mikataba ya 1872 na mwenendo wa madai wa 1908 havikuguswa. Kwa hiyo kuanzia sasa hukumu ya India kuhusu ushahidi itakuwa na namba usizozijua. Vifungu vya zamani vya 25, 26 na 27, kwa mfano, vyote vimekusanywa kwenye kifungu cha 23 cha sheria mpya. Tengeneza jedwali lako la safu tatu: kifungu chetu, cha 1872, cha 2024. Ukishalijaza kwa vifungu unavyotumia kila wiki, likague tena kila Bunge letu linapopitisha marekebisho ya sheria mbalimbali, kwa sababu humo ndimo vifungu vya ushahidi hubadilishwa bila watu kushtuka.